Usiandike barua ya kuacha kazi. Andika ya malalamiko

SWALI: Shikamoo wakili. Nina miaka 27, nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Arusha, huu ni mwaka wa nne. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, umeshahuishwa mara tatu, na huu wa sasa unaisha baada ya miezi miwili. Tangu mwaka jana meneja ananitaka. Ananitumia meseji usiku, na mwezi uliopita aliniandikia kwamba mkataba mpya "uko mikononi mwake" na mimi najua cha kufanya. Nilipokataa aliniondoa zamu ya mchana akanipanga usiku mfululizo. Wiki mbili zilizopita nilimwambia dada wa ofisi ya utumishi kuwa nina ujauzito wa miezi minne. Siku tatu baadaye niliitwa nikaambiwa mjamzito hafai kukaa mapokezi, bora niandike mwenyewe barua ya kuacha kazi, nilipwe mishahara ya miezi miwili tuachane kwa amani. Wamenipa hadi Ijumaa. Mume wangu anasema niache tu nisiendelee kudhalilika. Je, nina haki gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa yaliyokukuta, na hongera kwa ujauzito. Katika barua yako yote sikuona hata mtu mmoja aliyekupa hongera huko kazini.

Nianze na hiyo Ijumaa kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Usisaini chochote. Usiandike barua ya kuacha kazi, hata wakikuletea iliyokwisha kuchapwa ikisubiri jina lako tu, hata wakikuambia kwamba ukikataa utaikosa na hiyo mishahara miwili. Ukibanwa, una jibu moja la kutosha: "Naomba mnipe hayo kwa maandishi." Nina hakika hawatakupa. Huko kukataa kwao nako kuandike kwenye daftari lako siku hiyo hiyo: tarehe, saa, chumba mlichokaa, nani alikuwepo na nani alisema nini.

Naing'ang'ania barua hiyo kwa sababu ndipo madai mengi yenye haki yanapofia. Mtu akiacha kazi kwa hiari yake, hajafukuzwa, na mtu ambaye hajafukuzwa hana cha kulalamikia kuhusu kufukuzwa. Mbele ya msuluhishi, mwajiri atatoa karatasi moja yenye mwandiko wako isemayo "naacha kazi kwa sababu zangu binafsi", kisha ataketi kimya. Kuanzia hapo kazi yote ya kueleza kwamba hukuwa na hiari inakuangukia wewe.

Ni kweli kwamba sheria inaitambua hali ya mtu kuacha kazi kwa kusukumwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 36, inahesabu kuwa umeachishwa kazi pale unapojiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike. Na Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinataja sababu zinazoweza kutosha. Ya kwanza kabisa ni unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kumlinda mfanyakazi asinyanyaswe kingono. Ya pili ni mfanyakazi kutendewa isivyo haki, na hapa kanuni inaweka sharti: awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kama alikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Umeona mantiki yake? Sheria haikulazimishi ubaki pale uteseke, lakini inataka ionekane kwamba ulisema na hukusikilizwa. Kwa hiyo barua ya kuandika wiki hii ni ya malalamiko. Nitakupa mfano wake hapa chini.

Kwanza ujue umesimama wapi. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa mzunguko, katika sera au utaratibu wowote wa ajira. Misingi iliyokatazwa imeorodheshwa, na mimba imetajwa kwa jina lake, pamoja na jinsi, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, Virusi vya Ukimwi, umri, dini, kabila, mahali mtu anakotoka na mingineyo. Kifungu hicho hicho kinasema kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi hiyo ni aina ya ubaguzi. Basi meseji za meneja na maneno ya "mjamzito hafai mapokezi" viko ndani ya kifungu kimoja. Si visa viwili vya kuchagua kimoja uache kingine.

Sheria inamruhusu mwajiri kutofautisha watu pale kazi yenyewe, kwa asili yake, inapodai hivyo. Mwanasheria wao anaweza kujaribu mlango huo. Lakini kupokea wageni, kuandika majina yao na kuwapa funguo hakuhitaji tumbo la namna fulani. Asikutishe na hilo.

Kitu kinachowashangaza wengi ninaowahudumia ni suala la nani athibitishe. Katika ubaguzi, kazi yako ni kuweka mezani mwanga wa awali: mambo ambayo mtu mwenye akili timamu akiyatazama ataona kuna dalili. Ukishafika hapo mzigo unahamia kwa mwajiri, naye ndiye anapaswa kuthibitisha kwamba hakukubagua, au kwamba alichofanya hakikutokana na mimba wala jinsi yako. Wewe una mfululizo wa tarehe unaojieleza. Miaka mitatu mkataba unahuishwa. Meneja anakutaka, unakataa, zamu inageuka. Unataja ujauzito, na baada ya siku tatu unaambiwa ujiuzulu. Upange mfululizo huo kwenye karatasi moja, tarehe upande wa kushoto, tukio upande wa kulia, na ushahidi wa kila tukio pembeni yake. Usiweke hasira humo wala usimtukane mtu. Karatasi hiyo moja itamsaidia msuluhishi kuliko simulizi ya saa mbili.

Sasa nikuambie udhaifu wa kesi yako, maana wao wataujua kabla yako. Mkataba wako ni wa muda maalumu na unaisha baada ya miezi miwili. Mwajiri mjanja, akiona hujiuzulu, ataacha kukusukuma. Atasubiri tarehe ifike, akupe mkono na kusema: hatukukufukuza, mkataba umeisha wenyewe. Hoja hiyo ina nguvu. Mkataba wa muda maalumu kwa kawaida hufa siku yake inapofika, na Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi imewakatalia wafanyakazi wengi waliokwenda na neno moja tu, kwamba "nilizoea kuongezewa".

Hata hivyo mlango upo. Kifungu cha 36 kinahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu ambao mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba ungehuishwa. Kanuni zinataka matarajio hayo yawe na mashiko yanayoonekana, mfano kuhuishwa huko nyuma na ahadi za mwajiri. Kuhuishwa mara tatu unako. Tafuta zaidi: umepangwa kwenye ratiba ya miezi inayofuata mwisho wa mkataba? Umeandikishwa mafunzo ya msimu ujao wa watalii? Kuna wenzako wa mapokezi ambao mikataba yao iliisha wakati mmoja na wako wakaongezewa? Kuna barua ya kukupongeza au tathmini nzuri ya utendaji? Kusanya vyote.

Na kuna kitu kimoja ulichonacho ambacho wengi hawana. Meneja alikuandikia kwamba mkataba mpya uko mikononi mwake. Alidhani anakutisha, kumbe amekuachia ushahidi. Mtu hawezi kuuza kitu ambacho hakipo. Kama mkataba mpya ulikuwa mikononi mwake akiunadi, maana yake ulikuwepo, ulitarajiwa, na kikwazo pekee kilikuwa ni wewe kukataa kulala naye. Meseji hiyo moja inajibu hoja ya "umeisha wenyewe" na hoja ya "hatujui habari za unyanyasaji" kwa mara moja. Ilinde kama hati ya nyumba.

Namna ya kuilinda ni hii. Usiifute, usibadilishe simu, wala usiiuze hiyo simu. Piga picha za skrini zikionyesha namba, tarehe na saa, pamoja na mazungumzo ya kabla na ya baada, ili asije kudai umekata maneno. Tuma nakala kwenye barua pepe yako binafsi na kwa mtu unayemwamini. Usitumie barua pepe ya kazini, maana wanaweza kuifunga asubuhi moja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi, ila utaulizwa umetoka wapi na umehifadhiwa vipi, kwa hiyo simu yenyewe ndiyo shahidi wako. Piga picha pia ratiba za zamu, za kabla na za baada ya kukataa. Na nakuomba sana usizirushe meseji hizo kwenye makundi ya WhatsApp wala Instagram. Najua hamu hiyo ilivyo. Lakini ukirusha, wewe ndiye utakayegeuka mlalamikiwa, na muda wako utaisha ukijitetea.

Kama huna nakala ya mkataba, iombe kwa maandishi. Wakikunyima usikate tamaa: mwajiri asipoleta mkataba ulioandikwa kwenye shauri, sheria inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai.

Sasa barua. Usimpelekee meneja, wala usiishie kwa huyo dada wa utumishi. Ielekeze kwa mkurugenzi au mmiliki, nakala kwa utumishi, na nakala kwa chama chenu cha wafanyakazi kama wewe ni mwanachama. Kwa mahoteli chama kinachojulikana zaidi ni CHODAWU. Iwe fupi, namna hii:

"YAH: MALALAMIKO YA UNYANYASAJI WA KINGONO NA UBAGUZI KWA SABABU YA UJAUZITO

Mimi ni mwajiriwa wako kitengo cha mapokezi tangu (tarehe). Kuanzia (tarehe) meneja (jina) amekuwa akinitaka kimapenzi bila ridhaa yangu, kwa ujumbe wa simu na kwa mdomo. Tarehe (…) aliniandikia kwamba kuhuishwa kwa mkataba wangu kunategemea kukubali kwangu. Nilikataa, na kuanzia (tarehe) nimepangwa zamu za usiku mfululizo.

Tarehe (…) niliitaarifu ofisi ya utumishi kuwa nina ujauzito. Tarehe (…) nilielekezwa na (jina) niandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya hali hiyo. Sina nia ya kuacha kazi. Niko tayari kuendelea na majukumu yangu.

Naomba malalamiko haya yachunguzwe na mtu asiye chini ya meneja huyo, niondolewe chini ya usimamizi wake wakati wa uchunguzi, nirudishwe zamu za mchana, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba. Ushahidi ninao na nitauonyesha nikiitwa."

Maneno mawili katika barua hiyo yana kazi kubwa: "sina nia ya kuacha kazi" na "niko tayari kuendelea". Usiyaondoe. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe na saini, ubaki nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa barua pepe na kwa posta yenye kumbukumbu ya kupokelewa, utunze risiti.

Ambatisha, au andika pembeni, taarifa ya likizo ya uzazi. Hii wengi wanaisahau. Kifungu cha 33 kinakutaka umtaarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua inayotarajiwa, pamoja na cheti cha daktari. Una miezi minne, kwa hiyo muda bado upo, lakini usingoje. Kumwambia mtu kwa mdomo, kama ulivyofanya, ni rahisi kukanushwa. Nenda kliniki, chukua cheti chenye tarehe ya makadirio, kiambatishe. Kuanzia hapo hakuna atakayesema hakujua. Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, 100 ukijaliwa mapacha, na unaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe. Ukirudi una haki ya kurudi kwa masharti yale yale, na kupewa muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Kukukatalia kurudi kazini baada ya likizo hiyo nako sheria inakuita kukuachisha kazi.

Hizo zamu za usiku nazo zina kifungu chake. Usiku kisheria ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mjamzito hapaswi kufanyishwa kazi usiku katika miezi miwili ya kabla ya kujifungua, na hata mapema zaidi ya hapo akileta cheti cha daktari kwamba hali yake hairuhusu. Mweleze daktari wako ukweli: unalala saa ngapi, miguu inavimba, unarudije nyumbani alfajiri. Akiona haifai, atakuandikia. Lifanye hilo kwa ajili ya afya yako na ya mtoto hata kama kesi isingekuwepo.

Nije kwenye siku, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi nikiletewa mambo yaliyochelewa. Kuna hesabu za siku zaidi ya moja, na kila moja ina mwanzo wake.

Shauri la ubaguzi na unyanyasaji ukiwa bado kazini unalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii mnayoiita CMA, ndani ya siku 60. Wakikuachisha kazi, au tarehe ya mkataba ikifika wakakataa kuuhuisha, shauri la kuachishwa isivyo halali lina siku 30 tu tangu siku hiyo. Siku 30, pamoja na Jumamosi na Jumapili, pamoja na siku unazolia na siku unazosubiri ahadi ya "njoo wiki ijayo tutaongea". Waajiri wengi hawakatai kuongea. Wanaongea hadi siku ya 31. Ukichelewa unaweza kuomba Tume ikuongezee muda, lakini utalazimika kueleza kila siku iliyopita, na wengi wanakwama hapo. Ofisi ya Tume ipo Arusha. Unajaza fomu namba moja, unampa mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Unaweza kwenda mwenyewe, au na kiongozi wa chama, au na wakili. Kiswahili ndiyo lugha ya pale.

Mnaanza na usuluhishi. Mnakaa mezani, msuluhishi anatafuta kama mnaweza kukubaliana, kwa kawaida ndani ya siku 30. Yanayosemwa pale ya kutafuta suluhu hayatumiki baadaye kukukandamiza, kwa hiyo ongea kwa uhuru. Lakini usikose tarehe hata moja. Mlalamikaji asipofika, shauri linaweza kufutwa. Mwajiri asipofika, linaweza kuamuliwa bila yeye. Na ukifikia makubaliano, yasome neno kwa neno kabla ya kusaini, hasa sentensi isemayo kwamba huna madai mengine. Makubaliano yaliyosainiwa Tume yanafunga pande zote, na kuyafungua tena ni kazi kubwa sana. Yakishindikana mnaendelea kwenye uamuzi, ambako ushahidi unasikilizwa. Ikithibitika kuwa uliachishwa isivyo halali, unaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia inayohesabiwa kwa mishahara ya miezi, mbali na stahili zako za kawaida kama siku za likizo ambazo hukuzitumia na hati ya utumishi. Ndiyo maana hiyo "mishahara miwili kwa amani" sikuoni ukiikubali.

Kuna njia nyingine mbili ambazo haziendi Tume. Kumdai mtu ngono kama sharti la kumpa ajira, cheo au haki ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu kinamhusu yeyote mwenye mamlaka, awe wa ofisi ya umma au wa hoteli ya mtu binafsi. Meseji ya "uko mikononi mwangu" ndiyo hasa kinachozungumziwa. Nenda ofisi ya TAKUKURU, au piga namba yao 113, ni bure. Nenda kabla meneja hajajua, na uwaachie wao waamue namna ya kufuatilia. Usijaribu kumtega mwenyewe, na usikubali kukutana naye popote kwa kisingizio cha kupata ushahidi.

Njia ya pili ni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Kanuni ya Adhabu inautambua unyanyasaji wa kingono unaofanywa na mwenye mamlaka kazini, kwa maneno au vitendo. Kosa hilo lina hesabu yake ya siku 60 tangu tukio. Kama meseji ile aliituma mwanzoni mwa mwezi uliopita, umeshakula zaidi ya nusu ya siku hizo. Na ikiwa aliwahi kukushika mwili, jambo ambalo hukulisema katika barua lakini wengi huanza kwa kutolisema, waambie wazi pale dawatini. Ni haki yako kuomba uhudumiwe na askari wa kike.

Unaweza kwenda kote huko kwa pamoja. Tume inashughulikia ajira yako, TAKUKURU na polisi wanamshughulikia mtu aliyetenda kosa.

Huna fedha za wakili? Usiache kwa sababu hiyo. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, wanatoa msaada wa kisheria, na Arusha wapo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao wanatoa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, ambao kwa kukujazia fomu na kukupangia tarehe wanatosha kabisa kuanzia. Afisa Kazi wa mkoa naye mpelekee taarifa. Ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi na kukagua, na ziara yake peke yake mara nyingine hupoza mikono ya watu.

Kwa wengine watakaosoma hapa: kama hujatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo, ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haukuhusu bado, lakini marufuku ya ubaguzi inakuhusu tangu siku ya usaili, maana kifungu cha 7 kinamhesabu hata mwombaji kazi. Ukiambiwa kwenye usaili upime mimba kwanza, umeshabaguliwa. Walioko Zanzibar wana sheria yao, Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, na watumishi wa umma wana ngazi zao za rufaa za kupitia kwanza, hivyo wasinakili hesabu za siku nilizompa dada huyu.

Nimalizie na mume wako. Neno lake la "usijidhalilishe" nimelisikia kwa waume wengi wema, na nyuma yake huwa kuna maumivu ya mtu anayeona mkewe anaonewa na yeye hana la kufanya. Mwambie kuna la kufanya. Yeye ni shahidi: ameona simu ikiita usiku wa manane, amekuona ukihamishiwa zamu za usiku, alikuwepo ulipotoka kwenye kile kikao cha kuambiwa ujiuzulu. Aandike naye alichokiona, kwa mkono wake, kabla hajasahau tarehe. Mwonyeshe meseji zote, hata zile ulizoona aibu kumwonyesha, ili asije akaziona kwa mara ya kwanza mbele ya msuluhishi. Aibu ya meseji hizo ni ya aliyezituma. Kisha mgawane kazi: wewe kliniki kuchukua cheti, yeye apeleke barua na kusubiri muhuri ugongwe.